Mama wa Turubai la Kijani

Tangu waliposhuka sokoni Kombewa, Waswa hakukubali mtu mwingine abebe ile picha. Ilikuwa imefungwa kwa shuka ya maua, shuka ya kitandani kwake kule Kaloleni, naye aliikumbatia kifuani kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe. Mjomba wake Wandera alimfuata nyuma na jogoo kwapani, akilalamikia viatu vyake vipya.

Mtu mmoja wa bodaboda alipowaona alizima pikipiki akavua kofia.

"Poleni sana," akasema. "Nani ametuacha?"

"Hakuna mtu amekufa hapa!" Wandera akamjibu. "Huyu kijana anaenda kuomba mke."

"Na hiyo picha kubwa hivyo?"

Akavaa kofia yake akaondoka, lakini aligeuka mara mbili kuwatazama. Na hakuwa na makosa. Huku kwetu, picha ya fremu ikipita njiani imefunikwa shuka, watu wanajua jeneza liko karibu.

"Si nilikwambia ulete sukari na blanketi kama watu wengine?" Wandera akasema.

"Celestine ndiye alisema niilete, mjomba."

"Na Celestine akisema uje na ile ngazi yako ya kazi?"

"Nitakuja na ngazi."

Wandera akacheka mpaka jogoo akashtuka. "Umekwisha wewe. Umekwisha kabisa."

Ilikuwa kweli. Waswa alikuwa amekwisha tangu mwaka jana, siku alipokuja Kombewa kuandika bango la duka la dawa, akamkuta msichana wa duka amesimama chini, ameshika miguu ya ngazi kwa mikono miwili bila kuombwa. "Ukianguka utanipa kazi ya kukufunga bendeji," alimwambia, "na mimi nafunga saa kumi." Bango la siku moja Waswa alilifanya siku tatu. Siku ya nne alirudi kusema amesahau brashi, na brashi ilikuwa mfukoni, Celestine anaiona.

Mama yake Celestine, Waswa hakuwa amewahi kukutana naye. Alijua tu kwamba ni mjane, anauza samaki, wiki nzima anakaa mbali kwa dada yake na kurudi nyumbani Jumamosi. Kando ya ziwa wamama wa samaki ni wengi kuliko samaki wenyewe, kwa hivyo hakuuliza zaidi. Siku moja Celestine alitoa simu amwonyeshe picha ya mama, na Waswa akaziba kioo kwa kiganja.

"Wacha," alisema. "Kwetu mama mkwe haangaliwi ovyo. Nitamwogopa hata kwa simu."

Celestine alimpenda zaidi kwa neno hilo. Hata kwao Wajaluo ni hivyo hivyo. Mkwe na mama mkwe hawapani mkono, hawakai meza moja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Akairudisha simu mkobani akasema, "Wewe ni mtu wa heshima, Waswa."

Jamani, laiti Waswa angeitazama ile simu.

* * *

Baba mdogo Oyugi ndiye aliyekuwa mwenye boma siku hiyo. Ndugu ya marehemu baba yake Celestine, mzee mrefu, karani wa zamani, anayevaa koti hata jua likiwaka. Aliwakalisha kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa na picha ya marehemu akiwa kijana, nywele zimechanwa pembeni. Kutoka jikoni, nyumba ndogo ya mabati nyuma, ilikuja harufu ya kuku na sauti ya mama anayeambia mtu aongeze maji.

Waswa aliisikia ile sauti, haikumwambia kitu.

"Sasa, kijana," Oyugi akaanza. "Celestine ananiambia unafanya kazi ya rangi."

"Ndiyo, Baba."

"Rangi gani? Ya nyumba?"

"Naandika mabango. Maduka, saluni, kinyozi. Na sasa karibu mwaka mzima najifunza kuchora watu. Sura zao. Kwa rangi ya mafuta."

"Mafuta ya kupikia?"

"Hapana, Baba. Ni mafuta ya kuchanganyia rangi."

Oyugi akamgeukia Wandera. "Bwana Wandera, wewe ni mtu mzima kama mimi. Hii kazi ya kupaka-paka inalisha mtu na bibi yake?"

"Inamlisha," Wandera akasema. "Mwangalie mashavu."

Celestine alikuwa amesimama mlangoni anatafuna kucha kwa woga. Akamtupia Waswa jicho, jicho la kusema, sasa ndio wakati, waonyeshe. Yeye mwenyewe hakuwa ameiona ile picha. Mwalimu wa Waswa hataki kazi ionekane kabla haijaisha; leo tu, kwa ajili ya posa, Waswa alikuwa ameamua kuivunja amri hiyo. Alijua tu kwamba ni mama fulani wa samaki. Kisha akatoka kuleta soda.

"Nimekuja nayo moja, Baba," Waswa akasema. "Haijaisha, lakini utaona kazi yangu ni ya namna gani."

Na alipokuwa akifungua fundo la shuka alijisikia fahari, mwisho wa fahari siku hiyo.

Maana picha ile ilikuwa imemtoa mbali. Mwalimu wake alikuwa mzee Wabwire, mchoraji wa siku nyingi pale Kaloleni, mwenye chumba kimoja kinachonuka tapentaini. Ukutani kwake palikuwa na picha iliyokatwa kwenye kitabu kikubwa, kazi ya Mjerumani wa miaka mia na zaidi iliyopita: mama mwenye uso wa kijani, shingo ya manjano, mstari mwekundu kando ya pua, na macho makubwa yanayokutazama moja kwa moja kama umemkosea. Kila mwanafunzi wa Wabwire lazima aiige ile picha.

"Mbona ni kijani, mzee?" Waswa aliuliza siku ya kwanza. "Ni mgonjwa?"

"Wewe paka. Ukimaliza utaniambia kama ni mgonjwa."

Akapaka. Alijifunza kuanza na rangi nyembamba, kungoja ikauke, siku mbili, siku tatu, ndipo aweke ile nzito kwa kisu. Alijifunza kutosafisha mstari ukienda kombo. Mara saba aliiga, na mara saba Wabwire alikuna ndevu zake.

"Umeiga rangi zake," alisema mara ya saba. "Yeye mwenyewe hujamwona. Yule Mjerumani hakununua hiyo kijani dukani, aliitoa kwa uso wa mtu. Nenda utafute mtu wako. Ukipata uso ulio na hiyo kijani, upake kama alivyopaka yeye. Na umwambie huyo mtu unafanya nini, unasikia? Uso ni wa mwenyewe."

Waswa alisikia. Lakini neno la mwisho hakulitii.

Alimpata mtu wake Dunga, ufuoni, asubuhi mashua zinapoleta samaki wa ngege. Mama mmoja aliweka meza yake chini ya turubai la kijani, na jua likipita kwenye lile turubai uso wake wote ulikuwa kijani mpaka kidevuni. Karai lake la manjano lilimrudishia mwanga shingoni. Waswa alisimama na soksi zimelowa. Huyu hapa! Akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mahali sauti ya yule mama haikufika, akatoa daftari. Alijiambia, nikimwomba ruhusa atakaa kama anapigwa picha ya kitambulisho. Acha nimwibie leo tu, kesho nitamwambia. Kesho ikawa miezi minne. Aliifuata sura ile kama mwenye kiu, na jioni akirudi Kaloleni aliiweka kwenye kanvasi. Yote ilikubali isipokuwa macho. Alingoja siku ambayo yule mama angemtazama moja kwa moja kama mama wa Mjerumani, na yule mama hakumtazama hata siku moja. Kila mara alikuwa anaangalia chini.

Sasa shuka ilianguka. Waswa akaiegemeza picha kwenye kabati la vyombo, akarudi nyuma.

Oyugi akavaa miwani. Akaisogelea. Akavua miwani, akaifuta kwa kona ya koti, akavaa tena.

"Hii..." akasema.

"Najua ni kijani, Baba. Ni namna ya kuchora. Ukikaa nayo kidogo utaona—"

Celestine aliingia na sinia ya soda. Alikwenda hatua mbili, akasimama. Chupa ziligongana.

"Mama," akasema.

Waswa akadhani anaita. Hata mwenye jina alidhani anaitwa, kwa sababu mlango wa nyuma ulifunguliwa, na mwanamke akasimama kizingitini na mwiko mkononi.

"Umeniita, nyathina, mwanangu? Mimi siwezi kuingia mbele ya wage—"

Alikuwa na kitambaa kichwani, cha manjano chenye vidoti vyeusi.

Na pale kwenye kabati, mama wa kijani alikuwa na kitambaa hicho hicho. Waswa alikijua kila kidoti. Katika mwezi wa pili wa kumchora, yule mama wa Dunga aliacha kile cha bluu kilichochakaa akaja na hiki, na Waswa alifurahi siku nzima kwa sababu ya rangi.

Mama akaitazama picha. Halafu akamtazama Waswa, moja kwa moja, kwa macho makubwa. Ndiyo, sasa, baada ya miezi minne, alimtazama.

"Ni yule mtu wa mtumbwi," akasema polepole.

Akajifunika uso kwa leso, akarudi nyuma, na mwiko ukabaki umeanguka mlangoni.

* * *

Kuna aibu ya kujikwaa mbele za watu, hiyo inaisha ukicheka. Hii ilikuwa nyingine. Ilimwingia Waswa masikioni ikavuma. Hakujua mikono yake aiweke wapi. Alitaka kuifunika picha, lakini shuka ilikuwa chini ya kiti cha Oyugi, na kuinama kuitoa miguuni kwa mzee alishindwa.

"Huyo ni maro wako!" Oyugi akapaza sauti. "Mama mkwe wako! Umemchora mpaka mkunjo wa shingo!"

"Sikujua, Baba. Naapa sikujua ni yeye."

"Hukujua ni yeye! Kwa hivyo ulijua ni mama wa mtu mwingine, ukamkodolea macho tu? Hiyo ndiyo afadhali?"

"Bwana Oyugi," Wandera akajaribu, "kijana ni mjinga, si mbaya. Mimi nimemlea, ujinga wake naujua wote."

"Basi mchukue na ujinga wake mrudi nao."

Waswa akatoka. Hakuaga. Alizunguka nyuma ya nyumba, kando ya jiko, mahali hakuna mtu anayemwona, akaegemea ukuta wa mabati akafunga macho. Alijikumbuka juu ya ule mtumbwi, ametulia, amekunja nne, akiinua penseli kupima pua ya mama wa watu. Na alikuwa akipiga mluzi! Kumbe alikuwa akipiga mluzi.

Hatua zikaja. Alimjua Celestine kwa zile hatua.

"Usiniguse," Celestine akasema, ingawa hakuwa amemgusa.

"Celestine, mimi—"

"Nyamaza kwanza. Unajua ulichofanya? Hujui. Hata nusu hujui." Macho yake yalikuwa mekundu, na hakumtazama yeye, alitazama kuku waliokuwa wakichakura. "Mama aliniambia juu yako. Kwa simu. Aliniambia, nyathina, kuna mwanaume anakuja Dunga, hanunui kitu, anakaa kwa mtumbwi ananiangalia. Miaka sita tangu Baba atuache, Waswa, na Mama hajawahi kuniambia neno la mwanaume. Alikuwa anacheka kama msichana. Alisema wenzake wanamwita bibi arusi. Unajua nilimjibu nini?"

Waswa akatikisa kichwa.

"Nilimwambia labda ni mchumba. Mimi! Nilimwambia asifunge kile kitambaa cha zamani kama mtu wa matanga. Nikamnunulia cha manjano. Nikamwambia, kifunge, akuone vizuri." Akajipiga kifuani. "Nilimpamba mama yangu kwa ajili ya bwana yangu."

Hapo Waswa aliteleza chini ya ukuta mpaka akakaa juu ya majivu, na suruali yake nzuri.

"Sistahili kuwa hapa," akasema. "Nitaenda. Nitachukua ile picha niikwangue yote, nibaki na kanvasi tupu. Halafu wewe utafute mtu mwingine, mtu wa sukari na blanketi."

"Ndiyo rahisi hivyo kwako? Kuenda?"

"Si rahisi. Lakini nitamwangaliaje mama yako?"

"Hupaswi kumwangalia! Hiyo ndiyo shida yote!"

Hapo sauti ilitoka ndani ya jiko, kwenye matundu ya misumari, karibu sana na sikio la Waswa.

"Celestine."

Wote wawili wakaruka.

"Mama? Ulikuwa hapo?"

"Nitakuwa wapi? Kuku ataungua. Muulize huyo mtu, alikuwa akitafuta nini usoni kwangu?"

"Anakusikia, Mama."

"Najua ananisikia. Wewe muulize. Mimi siongei na mkwe."

Celestine akapangusa pua kwa mkono. "Anauliza ulikuwa unatafuta nini usoni kwake."

Waswa akainuka, akageuza mgongo kwenye mabati asije akaona hata kivuli kwenye tundu. "Mwambie... mwambie ilikuwa rangi. Nilikuwa najifunza kwa picha ya mama mmoja wa kijani. Na yeye akikaa chini ya lile turubai uso wake unakuwa hivyo."

"Kwa hivyo lilikuwa turubai," ile sauti ikasema. Ilisema kwa unyonge, na Waswa aliusikia ule unyonge ukimkata. Alielewa kwamba ndani ya ile aibu kulikuwa na aibu nyingine ndogo, ya mtu aliyedhani ameonekana, kumbe kilichoonekana ni turubai.

"Mwanzoni," akasema upesi. "Mwambie ni mwanzoni tu. Baadaye nilikuwa nakuja hata siku za mawingu, na siku za mawingu hakuna kijani."

Ndani, mfuniko wa sufuria ukawekwa chini.

"Muulize, sasa siku za mawingu alikuja kwa nini?"

"Kwa sababu ya wateja wake wazee. Akishawapimia anaongeza samaki mdogo juu, halafu anaangalia huku na huku kama mwizi, asionekane na wenzake. Niliona. Mtu akifanya hivyo kila siku kuna kitu kinakaa usoni kwake. Nilitaka kukichora. Sijaweza mpaka leo."

Celestine alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anamtazama Waswa sasa, kwa mara ya kwanza tangu sinia ya soda.

"Mwambie," Waswa akaendelea, "mwalimu wangu alinikataza. Alisema uso ni wa mwenyewe, umwombe. Sikuomba. Huo si ujinga, ni wizi. Ninaomba msamaha kwa mama, si kwa sababu ni mama mkwe. Hata angekuwa mama wa mtu nisiyemjua. Picha nitaikwangua leo mbele ya Baba Oyugi."

"Mwambie asikwangue." Sauti ilikuja mara moja. "Akikwangua, nitakuwa nimekodolewa macho bure."

Celestine akaziba mdomo. Kicheko kilimtoka puani, kimechanganyika na machozi.

"Na usicheke, wewe uliyeninunulia kitambaa," mama akasema. "Mimi mtu mzima, nimezika mume, nikajifunga manjano nikaenda nayo Dunga. Nimekitoa. Kiko hapa juu ya kuni. Nilitaka kukitia motoni, lakini ni kipya." Akavuta pumzi. "Mmoja wenu anijibu. Nilipoiona pale kwa kabati, haina macho. Mbona hakuniwekea macho?"

"Sikuwahi kuyaona," Waswa akajibu. "Yule mama wa Mjerumani anatazama mbele. Nilingoja na wewe unitazame hivyo. Lakini kila nikikutazama wewe unaangalia chini."

Alikuwa amesahau kusema kupitia kwa Celestine. Hata mama alisahau.

"Wewe kijana. Nilikuwa naona haya. Mwanaume ananitazama, nitaangalia wapi kama si chini?"

"Ni kweli, Mama."

"Na mama mkwe mbele ya mkwe wake anaangalia wapi?"

Kitu kilianza kufunguka kichwani mwake, polepole.

"Chini," akasema.

"Basi chora ulichokiona. Huyo mama wa Wazungu muache na macho yake, ni wake. Mimi niteremshe kope. Utakuwa umemchora mama mkwe wako kwa heshima, na mtu wa Dunga akiuliza, nitamwambia mkwe wangu alikuwa ananiheshimu tangu zamani, ila hatukujua."

Waswa aliiona. Hakuwa mbele ya ile picha na bado aliiona: kope mbili za kijani nzito, zimeteremka, na mstari mwekundu chini yake ambao mpaka sasa ulikuwa haujapata kazi. Mara saba aliiga, miezi minne akangoja macho yaliyofunguka ya mtu mwingine, na kumbe aliyekuwa mbele yake alikuwa akimpa sura yake kila siku. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Asante, Mama," akasema.

"Ero kamano, hiyo asante yako, nitaipokea siku ukija na brashi. Siku hiyo mimi nitakuwa sokoni, nisikuone. Celestine atakuwepo. Sasa ondokeni kwenye majivu yangu. Shemeji!" akaita kwa nguvu, upande wa nyumba kubwa. "Shemeji Oyugi! Waambie wageni wakae. Chakula hakiwezi kupikwa mara mbili!"

* * *

Oyugi hakushindwa kirahisi. Alikula paja zima akiwa amenuna, na picha akaigeuza ikatazama kabati. Lakini alipomaliza kunawa alimwambia Wandera maneno ya mwisho.

"Mwenye uso amesamehe, mimi ni nani? Lakini macho yale yote yaliyomwangalia lazima yafunikwe. Mkirudi, mje na mbuzi, na mje na blanketi. Blanketi nzito. Huyo mama afunikwe mabega mbele ya watu, ndipo tutaanza kuongea habari ya mke."

Wandera akapiga goti lake kofi. "Blanketi! Waswa, asubuhi nilisema nini?"

"Ulisema, mjomba."

"Nilisema nini?"

"Ulisema blanketi."

Jua lilikuwa bado juu walipoondoka. Celestine aliwasindikiza mpaka uzio wa ua, Wandera akatangulia makusudi, akijifanya anafunga kamba za viatu visivyo na kamba. Picha ilikuwa imebaki ndani, na Waswa hakuwa na kitu cha kubeba sasa. Mikono ilining'inia, mitupu, na aibu ilikuwa bado inamuuma chini ya mbavu. Hakutaka iishe haraka.

"Umenikasirikia?" akauliza.

"Sana," Celestine akasema. "Nitakukasirikia mpaka Jumamosi ijayo. Ukija na brashi nitaangalia kama hasira imeisha."

"Nikuombe kitu?"

"Omba."

"Siku moja nataka kukuchora. Ninakuomba ruhusa kwanza."

Celestine aliinamisha kichwa, akachezea mti wa uzio, na akaanza kutabasamu upande mmoja tu wa mdomo. "Mimi unaruhusiwa kunitazama," akasema. "Lakini mimi sitaangalia chini, nakuambia mapema."

Waswa angesema neno, lakini nyuma yao, kutoka upande wa jiko, mlango wa mabati ulilia. Mtu alikuwa ametoka uani. Shingo ya Waswa ilitaka kugeuka. Ilizoea, miezi minne ilikuwa imeifundisha. Akaikaza. Akatazama barabara, mgongo wa Wandera, vumbi.

"Ni yeye?" akanong'ona.

"Ni yeye. Anamwaga maji." Celestine akatazama juu ya bega lake kwa muda, na uso wake ukabadilika, ukalegea wote. "Waswa."

"Ndiyo."

"Amekifunga tena, kile cha manjano."

Waswa aliinamisha macho yake chini, akaanza kutembea.